Jinsi Nilivyoigawa Namba Isiyogawanyika

Namba ninayotaka kuwasimulia habari zake ni hii: 2,147,483,647. Ukiwa na haraka utaiona kuwa ni namba kama namba nyingine, ndefu ya tarakimu kumi, isiyo na jambo. Lakini mimi nimeishi nayo wiki tatu za likizo. Nikaipenda, nikaichoka, nikaisemea uongo, na mwisho ikanifundisha adabu. Kwa hiyo nimeona niandike habari zake katika kurasa hizi za Kiswahili za gazeti letu, ili mwenzangu asije akajikwaa pale nilipojikwaa mimi.

Asili yake ni nyepesi. Chukua moja, uirudufishe: mbili. Rudufisha tena: nne. Tena: nane. Endelea hivyo mpaka uwe umerudufisha mara 31, nawe utapata 2,147,483,648. Toa moja, na namba yetu hiyo imesimama mbele yako. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuna namba inayoigawa bila kubakiza, isipokuwa moja na yenyewe. Namba za namna hiyo huitwa kwa Kiswahili namba tasa.

Hapa Uganda hesabu tunafundishwa kwa Kiingereza, basi jina hilo nililisikia kwa mara ya kwanza katika somo la Kiswahili. Mwalimu aliandika ubaoni majina matatu: namba shufwa, namba witiri, namba tasa. Tulipoelezwa la tatu darasa zima likacheka, maana kila mmoja wetu alijua neno hilo hutumiwa kwa nani. Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi.

Siku ya kufunga shule, Bwana Mwalimu wa hesabu aliiandika namba yetu ubaoni, akauliza kama inagawanyika au haigawanyiki. Mwenzetu mmoja akasema, “Bwana Mwalimu, nikifika nyumbani nitaiuliza simu.”

Mwalimu akatabasamu. “Simu itakujibu kabla hujafumba jicho,” akasema, “nayo itakujibu sawasawa. Lakini hapo utakuwa umeambiwa. Mimi namtaka mtu atakayerudi hapa aniambie ya kuwa anajua.”

Kisha akatuandikia kanuni mbili za kupunguza kazi, na kabla kengele haijalia mimi nilikuwa nimekwisha kuinua mkono. Sikuwa hodari kuliko wengine. Ni kupenda kusifiwa tu, nao ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.

Likizo zangu huzimaliza kwa shangazi yangu mjini Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Shangazi huuza nyanya sokoni, na pale sokoni watu wa pande zote mbili za mpaka husikilizana kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyenilea mimi na dada zangu wawili tangu mama yetu alipofariki, na karo yangu hutoka katika nyanya hizo.

Sokoni nyanya hupangwa mafungu. Shangazi akiwa na nyanya 30, aweza kupanga mafungu ya tano tano, ama sita sita, ama kumi kumi, na hakuna inayobaki. Akiwa na 31, apange apendavyo, mafungu hayatimii. Daima ipo inayobaki pembeni, nayo humpa mnunuzi kuwa nyongeza. Hiyo 31 ni namba tasa. Basi kazi niliyojitwika ilikuwa hii: kama ningalikuwa na nyanya 2,147,483,647, je, ipo namna ya kuzipanga mafungu yaliyo sawa, bila kubakiza hata moja, isipokuwa kuziweka moja moja au zote katika fungu moja?

Mtu asiyefikiri atasema, jaribu kugawa kwa kila namba mpaka ufike mwisho. Maisha hayatoshi. Lakini vigawo huja viwili viwili. Mafungu yakiwa mengi, kila fungu ni dogo. Yakiwa machache, kila fungu ni kubwa. Sasa, 46,341 ikizidishwa kwa yenyewe hupita namba yetu. Kwa hiyo kama vigawo vipo, kimoja hakina budi kuwa chini ya 46,341, na kama huko chini hakuna kitu, basi hata juu hakuna. Tena yatosha kujaribu namba tasa peke yake, kwani namba isiyogawanyika kwa 2 haitagawanyika kwa 4, wala isiyogawanyika kwa 3 haitagawanyika kwa 9. Hata hivyo namba tasa zilizo chini ya 46,341 ni karibu 4,800, na likizo yetu ilikuwa ya wiki tatu.

Hapo ndipo kanuni mbili za mwalimu ziliponisaidia. Ya kwanza yasema hivi: kigawo chochote tasa cha namba yetu, ukikigawa kwa 62, lazima kibakize 1. Ya pili yasema: kigawo hicho hicho, ukikigawa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7.

Sikutaka kuiamini kanuni ya kwanza kwa kuwa imeandikwa ubaoni tu, basi nikaijaribu kwa ndugu mdogo wa namba yetu. Rudufisha mara 11, utoe moja: ni 2,047. Hii hugawanyika, ni 23 mara 89. Nikachukua 23. Nikaandika 1, nikairudufisha tena na tena, na kila nilipopita 23 nikaitoa hiyo 23. Nikapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha nikajikuta nimerudi kwenye 1. Lilikuwa duara la namba 11. Nikaanza upya na 5, ambayo haikuwamo: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, kisha 5 tena. Duara la pili, nalo la namba 11. Nilipotazama, namba zote kuanzia 1 hata 22 zilikuwa zimekwisha kuingia, hakuna iliyobaki nje. Zilikuwa zimejipanga zenyewe mafungu mawili ya kumi na moja kumi na moja, kama nyanya za Shangazi. Na kwa kuwa 11 ni namba tasa, duara haliwezi kukatika likawa dogo zaidi.

Kwa namba yetu kubwa mambo ni hayo hayo. Kama ina kigawo tasa, ukikitoa moja, kinachobaki hujipanga mafungu ya 31 bila ziada. Na kwa kuwa kigawo chenyewe ni witiri, kinachobaki ni shufwa. Kwa hiyo hujipanga mafungu ya 62. Kanuni ya pili uthibitisho wake ni mrefu, sitauleta hapa. Lakini zitazameni 23 na 89 mtaona zinaitii, kwani ya kwanza ikigawiwa kwa 8 hubakiza 7, na ya pili hubakiza 1.

Kanuni mbili hizi zikifungwa pamoja, namba za kushukiwa ni zile tu ambazo zikigawiwa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Mpaka kufika 46,341 ziko 373. Nikazifuta zile zinazogawanyika kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 11 na kwa 13, zikabaki yapata mia na arobaini. Najua ya kuwa katika hizo zilikuwamo nyingine zisizo tasa, lakini kugawa kwa namba ya ziada hakuharibu kitu ila penseli. Kutoka namba elfu mbili milioni na zaidi nimefika mia na arobaini! Nilijiona nimekwisha kushinda.

Njia hii si yangu, wala si ya mwalimu wetu. Ndiyo aliyoifuata Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, aliyefanya kazi miaka mingi St Petersburg katika Urusi. Mwaka 1772 alitangaza ya kuwa namba hii ni tasa, naye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Kwa muda mrefu baada yake haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hii. Basi nilijiambia, ikiwa mzee asiyeona aliweza, mimi mwenye macho mawili na taa ya jua nitashindwaje?

Usiku wa kwanza nilikaa mezani na daftari jipya. Namba ya kwanza ya kushukiwa ilikuwa 311. Niligawa, nikapata 6,905,092, na mabaki 35. Nikazidisha kinyume ili kuhakikisha: sawa. Nikaifuta 311 kwa mstari. Nilikuwa nikihesabu kwa kunong’ona, na Shangazi, aliyekuwa akipangusa vyombo, akanisikia.

“Unasoma nini, mwanangu, unanong’ona kama mtu anayesali?”

“Nagawa, Shangazi. Nataka kujua kama namba hii ni tasa.”

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Yafaa niwaeleze ya kuwa Shangazi aliwahi kuolewa zamani, akakaa kwa mume miaka minne bila kupata mtoto. Upande wa mume wakampa jina hilo, na mwaka wa tano akarudishwa kwao pamoja na sanduku lake. Hospitali hakupelekwa yeye, wala mumewe hakwenda. Hakuna aliyetaka kujua kasoro iko kwa nani, au kama ipo. Jina lilitolewa uani na watu waliokuwa wakichambua mboga, nalo likatosha.

Shangazi akaliweka chini bakuli alilokuwa nalo. “Nani ameipa namba jina hilo?”

“Ni la vitabuni tu, Shangazi. Maana yake haigawanyiki.”

“Na wewe umekwisha kujua kama ni kweli?”

“Bado. Ndiyo nagawa. Ni lazima nizijaribu zote.”

Alinyamaza kidogo. “Basi zigawe zote,” akasema. “Wengine hawagawi.” Akachukua bakuli, akaendelea na kazi yake.

Nilikwenda saba kwa siku, na siku nyingine kumi. Kila mgawanyo ulijaza nusu ya ukurasa, na kuuhakikisha kukajaza nusu ya pili. Mara mbili nilipata mabaki sifuri, moyo ukanipiga, nikadhani nimemkamata Euler katika kosa. Lakini nilipohakikisha nikaona nimekosea kutoa. Dada zangu walichoka kunisikia. Shangazi hakuuliza tena habari za namba, ila kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni aliniuliza, “Zimebaki ngapi?” nami nilimtajia.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa zilikuwa zimebaki 11, zote za mwisho, zile kubwa kubwa. Jioni hiyo ilikuwa arusi kwa jirani, ngoma inasikika mpaka chumbani. Nilijaribu moja, nikakosea. Nikajaribu tena, nikakosea tena. Ndipo shetani akanijia kwa lugha ya hesabu. Aliniambia, “Namba karibu mia na thelathini zimeshindwa kuigawa, hizi kumi na moja zitaweza nini? Tena Euler alikwisha kusema ni tasa. Jibu unalijua.” Nikachukua penseli, nikaandika mabaki kumi na moja ya kubuni, yaliyofanana na kweli, nikaenda arusini. Asubuhi Shangazi aliponiuliza zimebaki ngapi, nilijibu, “Zimekwisha.” Alifurahi kuliko nilivyotazamia, na kwa furaha hiyo akanipikia kuku.

Shule ilipofunguliwa nikampelekea Bwana Mwalimu daftari langu mbele ya darasa. Akalifungua ukurasa baada ya ukurasa. “Haya ndiyo mambo,” akasema. Wenzangu wakapiga makofi. Akaufikia ukurasa wa mwisho, akautazama kitambo, kisha akaniuliza, “Umezigawa zote?”

“Zote, Bwana Mwalimu.”

Akalifunga daftari, akanirudishia. Halafu, kana kwamba amekumbuka jambo jingine, akatusimulia hadithi. Alikuwapo mtawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, mtu mwenye elimu na heshima kubwa, aliyeandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya namba akidai kwamba, ukirudufisha mara hizo na kutoa moja, utapata namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Katika zile kubwa hakuwa amezigawa, wala hapakuwa na mtu wa zama zake aliyeweza. Kwa 31 alisema kweli, ndiyo hiyo namba yetu. Lakini kwa 67 alikosea, na kwa 257 pia. Tena aliziacha 61, 89 na 107, ambazo zilistahili kuwamo.

Ukirudufisha mara 67 na kutoa moja, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Namba hiyo ikaitwa tasa kwa neno la Mersenne zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, alivumbua njia ya kuijaribu bila kuigawa, akaona si tasa. Alijua ina vigawo bila kuvijua ni vipi. Kisha mwaka 1903 Frank Nelson Cole, katika mkutano wa wanahesabu wa Marekani, akavileta vigawo vyenyewe. Yasimuliwa ya kuwa alikwenda ubaoni kimya, akaikokotoa namba hiyo, akatoa moja. Kisha upande wa pili wa ubao akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu mawili yakawa moja. Akarudi kitini bila kusema neno, na watu wakampigia makofi.

“Basi namba hiyo,” mwalimu akamaliza, “iliitwa tasa miaka zaidi ya mia mbili, na muda wote huo watoto wake walikuwa ndani yake. Ni kwa sababu mtu wa heshima alisema, na wengine wakaona hapana haja ya kugawa.”

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Niliyasikia maneno ya Shangazi sawasawa kama alivyoyasema na bakuli mkononi: wengine hawagawi. Nikaona ya kuwa mimi nilikula kuku wa mtu aliyeponzwa na watu wasiogawa, nami nilikuwa mmoja wao.

Usiku ule, saa za kujisomea, nilifungua ukurasa wa mwisho nikazigawa zile kumi na moja. Nilipokuwa nikifanya hivyo niliona jambo lililonifanya nione haya peke yangu. Mojawapo ya mabaki yangu ya kubuni ilikuwa kubwa kuliko kigawo chake! Hilo haliwezekani kabisa. Mtoto wa shule ya msingi angaliliona. Nilimaliza taa zinapokaribia kuzimwa. Zote kumi na moja zilibakiza. Namba ilikuwa tasa, kama Euler alivyosema, na kama nilivyosema mimi asubuhi.

Kesho yake nilimfuata Bwana Mwalimu kabla ya darasa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mabaki yale makubwa niliyaona,” akasema. “Nilikuwa nakungoja.”

Nikamwambia, “Lakini jibu halikubadilika, Bwana Mwalimu.”

“Halikubadilika. Jibu lako la jana na la leo ni moja. Jana ulikuwa umeambiwa, na leo unajua.” Kisha akaniambia niwaeleze wenzangu. Niliwaeleza. Mara hii hapakuwa na makofi, na sikuyataka.

Tangu siku ile nimezidi kuisoma namba hii, na niliyoyaona yamenifanya nilitilie shaka jina lake. Kilatini, na Kiingereza kilichofuata nyuma yake, huziita namba hizi kwa neno lenye maana ya “ya kwanza”. Waarabu nao huziita kwa neno ambalo sisi twalijua: awali. Nadhani wao walitazama upande wa pili. Kila namba kuanzia 2 na kuendelea, kama si tasa yenyewe, hupatikana kwa kuzidisha namba tasa. Chukua 30: ni 2 mara 3 mara 5. Hakuna namba iliyojengwa kwa kitu kingine. Hizi tunazoziita tasa ndizo mama wa namba zote.

Na namba yetu ina uzazi wa peke yake. Wayunani wa kale walizipenda namba ambazo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ile ile. Mfano 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, na jumla ni 6. Mfano 28: 1, 2, 4, 7 na 14, jumla ni 28. Twaweza kuziita namba timilifu. Euclid alithibitisha ya kuwa kila namba tasa iliyopatikana kwa kurudufisha na kutoa moja huzaa namba timilifu. Kutoka 3 hutoka 6. Kutoka 7 hutoka 28. Na kutoka namba yetu, ikizidishwa kwa 2 iliyozidishwa mara 30, hutoka 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Peter Barlow, Mwingereza, aliandika katika kitabu chake ya kuwa hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, maana mambo haya ni ya kutazamwa tu, hayana faida, wala hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Naye alisema bila kugawa. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa ya kurudufisha mara 136,279,841 na kutoa moja. Tarakimu zake ni 41,024,320. Na kuhusu faida, kompyuta nyingi zilitengenezwa kuandika namba kwa nafasi 32 za sifuri na moja, nafasi moja ikiwa ya alama; namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni hii hii yetu. Saa za mashine hizo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, hesabu itafika 2,147,483,647, na sekunde ya pili yake mashine ambazo hazijarekebishwa zitajiona ziko mwaka 1901. Kwa hiyo mafundi wa dunia nzima wanaijua namba hii na kujitayarisha nayo.

Likizo iliyofuata nilikwenda sokoni kumsaidia Shangazi. Nilimweleza kwanza habari ya arusi na mabaki ya uongo. Alinitazama tu, akasema, “Kuku ameliwa, hatarudi.” Kisha nikamsimulia habari za namba iliyoitwa tasa miaka mia mbili, na jinsi bwana yule alivyokwenda ubaoni asiseme neno. Hapo aliacha kupanga nyanya.

“Yule aliyeipa jina,” akauliza, “aliiomba radhi?”

“Alikuwa amekwisha kufa, Shangazi. Alikufa mwaka 1648.”

“Ndivyo ilivyo,” akasema, akaendelea kupanga mafungu.

Wenzangu, wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sitaki kubishana na wahenga, lakini katika hesabu lisemwalo laweza lisiwepo, na likakaa miaka mia mbili bila kuja. Katika mtihani nitaandika namba tasa kama kitabu kinavyotaka. Mtaani neno hilo silisemi tena, wala kulichekea.

Anayetaka kuanza asianze na namba kubwa kama mimi. Achukue 8,191, ambayo ni kurudufisha mara 13 na kutoa moja. Vigawo hutafutwa chini ya 91. Navyo vikigawiwa kwa 26 lazima vibakize 1, na vikigawiwa kwa 8 vibakize 1 au 7. Ukitafuta utaona ya kuwa namba inayoshukiwa ni moja tu, nayo ni 79. Ni mgawanyo mmoja, wa dakika moja. Jibu sitawaambia.